Isaka: Chumba bila kodi na mali kuukuu vyageuka mtaji

BANDU bandu huisha gogo. Methali hiyo wengi huitumia kumtia moyo mtu mwenye kazi ndefu, lakini kwa mfanyabiashara mdogo wa Isaka ina maana ya pili. Kinachomaliza mtaji wake mara nyingi si hasara moja kubwa. Ni kodi ya chumba, nauli na chakula cha njiani, vinavyobanduka kidogo kidogo hadi gogo linakwisha.

Isaka, wilayani Kahama mkoani Shinyanga, ni mji unaoishi kwa mizigo ya watu wengine. Reli ya kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo. Kwenye bandari kavu yake, shehena iliyosafiri karibu kilomita 1,000 kwa reli kutoka Dar es Salaam hupakiwa kwenye malori kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Barabara inapitia Kahama, Ushirombo na Lusahunga hadi mipaka ya Rusumo na Kobero. Upande wa kaskazini kuna ukanda wa dhahabu wa Bulyanhulu na Geita.

Mji wa namna hiyo fedha yake huja haraka na kuondoka haraka. Malori yakijipanga, mama lishe, mwenye gesti, fundi wa matairi na muuza vocha wote hucheka. Yakisimama, biashara husimama, lakini kodi ya chumba haisimami.

Hayo si ya kufikirika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu Reli ya Kati katika eneo la Kilosa, na treni zikasimama kwa miezi. Mei 2020, wakati wa corona, malori yalikwama Rusumo kwa siku nyingi kutokana na masharti mapya ya kuvuka mpaka. Mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi mjini Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulifungwa. Mgodi ukifungwa, wapangaji na wateja wake nao huondoka.

Kwa sababu hiyo, mwenye kipato kidogo katika ukanda huu ana njia moja ya kujikinga kabla mambo hayajaharibika: kupunguza gharama za kuishi hadi zikaribie sifuri, na kugeuza kile alichookoa kuwa mtaji. Mambo matatu yanaweza kuunganishwa. La kwanza ni kusimamia nyumba ya vyumba vya kupanga na kuishi humo bila kodi. La pili ni kuuza vitu ambavyo wengine wameviona havifai. La tatu ni kuhakikisha kila safari inajilipa yenyewe.

Chumba bila kodi

Wenye nyumba wengi katika miji ya njiani hawaishi kwenye nyumba zao. Yuko dereva anayekaa barabarani, mtumishi aliyehamishiwa mkoa mwingine, na mchimbaji aliyejenga kwa fedha ya dhahabu kisha akarudi machimboni. Wote wanahitaji mtu wa kukusanya kodi, kusimamia usafi, kuita fundi na kupata mpangaji mpya chumba kinapobaki wazi. Mara nyingi hawako tayari kulipa mshahara, lakini chumba kimoja wanaweza kukitoa.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba 8, kila kimoja kikipangishwa kwa Sh. 30,000 kwa mwezi. Msimamizi akikaa katika kimoja bila kulipa, ameokoa Sh. 360,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba hubaki na vyumba 7 vinavyomletea Sh. 210,000 kila mwezi, naye haumizwi kichwa na madalali ambao kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja kila wanapoleta mpangaji.

Hata hivyo, makubaliano ya mdomo ndiyo chanzo cha ugomvi. Ni vizuri mambo yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au shahidi mwingine: kazi za msimamizi ni zipi, kodi inatumwa tarehe ngapi, fedha ya matengenezo madogo inatoka wapi, na kila upande utatoa taarifa ya muda gani ukitaka kuachana na mwenzake. Siku ya kukabidhiwa, orodha ya milango, vitasa, taa na mabomba iandikwe, na pande zote zisaini.

Umeme nao una mambo yake. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, na mwenye friji au pasi hawezi kuchangia sawa na mwenye taa moja. Aidha, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayetoa fedha hiyo kwanza ingawa kodi ni ya mwenye jengo. Msimamizi mzuri huhifadhi kumbukumbu za manunuzi, ili wapangaji na mwenye nyumba wajue jinsi ya kurudishiana.

Mtego mkubwa zaidi ni kodi inayolipwa mbele. Mpangaji akitoa ya miezi 6 kwa chumba cha Sh. 30,000, msimamizi anashika Sh. 180,000 kwa mpigo. Wakiwa watatu, ni Sh. 540,000. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa kujiambia kwamba wataizungusha wiki moja tu na kuirudisha. Fedha hiyo si mtaji. Biashara ikienda kombo, msimamizi hupoteza kazi, chumba na jina kwa siku moja. Kodi itumwe siku ileile kwa simu, na ujumbe wa muamala utunzwe.

Kilichochakaa bado kina mnunuzi

Msimamizi mwenye chumba na kona ya uwanja ambayo mwenye nyumba ameiruhusu ana kitu ambacho mchuuzi wa kawaida hana, yaani mahali pa kuhifadhi. Hicho ndicho kinachotofautisha mtu anayeuza kuukuu kwa bei ya kutupa na yule anayesubiri msimu.

Turubai la lori likitoboka halifai tena kufunika saruji. Likikatwa vipande vizima, linamfaa mkulima wa mpunga kwa kuanikia. Mpunga ulioanikwa ardhini huchanganyika na mchanga na kokoto, na mchele wake hushuka bei. Kwa hiyo mkulima hanunui kitambaa kilichotoboka. Ananunua bei nzuri ya mchele wake.

Tairi lililoisha hukatwa kuwa katambuga au chombo cha kunyweshea mifugo. Mpira wake wa ndani hutoa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Ekseli na magurudumu ya gari lililokufa huwa mkokoteni wa ng'ombe, chombo ambacho mkulima wa Usukumani hukitumia kubeba mbolea, maji na mavuno. Mbao za kupangia mizigo huwa vizimba vya kuku, na bati la pipa huwa jiko la mkaa.

Viroba vya salfeti ndivyo rahisi zaidi kuanza navyo. Chukua mfano wa mtu aliyenunua viroba vitupu 50 kwa Sh. 200 kila kimoja, jumla Sh. 10,000. Akivichambua, anapata vizima 30 na vilivyochanika 20. Vizima akiviuza Sh. 500, anapata Sh. 15,000. Vilivyochanika akivishona kwa uzi wa Sh. 1,000 na kuviuza Sh. 300, anapata Sh. 6,000. Baada ya kutoa gharama zote, faida ni Sh. 10,000. Angeviuza vyote kwa pamoja bila kuchambua, mnunuzi angevipa bei ya vile vibovu.

Siri ya biashara hii ni hiyo: kuchambua, kusafisha na kusubiri. Mwenye kununua viroba wakati wa mvua na kuviuza wakati wa mavuno ya mpunga hahitaji kumshawishi mtu.

Mfano mkubwa kuliko yote wa taka inayouzwa uko machimboni. Wachimbaji wadogo wanaosaga mawe kwa makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga. Mchanga huo, maarufu kwa jina la marudio, hununuliwa na wenye mitambo wanaouloweka kwa sayanidi na kupata dhahabu iliyobaki. Mchuuzi mdogo hana sababu ya kuingia huko, lakini ana la kujifunza: asiyejua kilichobaki ndani ya kitu hukiuza kwa bei ya uchafu.

Usinunue jela wala sumu

Si kila kilichotupwa kimetupwa kweli. Katika mji wa reli, mataruma ya chuma, vifungo vya reli na nyaya za shaba vikiletwa usiku kwa bei ya chini, muuzaji anamhamishia mnunuzi kesi. Kuhujumu reli ni kosa kubwa, na treni inaweza kuanguka kwa ajili ya vyuma vichache. Anayetaka kukusanya na kusafirisha chuma chakavu anapaswa kufuata utaratibu wa vibali vya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na kuandika jina la kila anayemuuzia.

Hatari ya pili ni sumu. Pipa au dumu lililobeba sayanidi au kemikali nyingine ya mgodini halifai kuwekea maji, pombe wala mafuta ya kula, hata likioshwa likang'aa. Vivyo hivyo makopo na chupa za dawa za pamba. Mkulima anatakiwa kuvisuuza mara tatu, kumimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia, kisha kuvitoboa ili mtu mwingine asivitumie. Kiroba kilichobeba marudio yenye zebaki nacho kisitumike kuwekea mchele.

Mchuuzi asiyejua pipa lilibeba nini aache kulinunua. Faida ya pipa moja haiwezi kulipia matibabu ya familia nzima.

Safari ijilipe

Watu wa Isaka husafiri kila mara: Kahama, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora. Nauli huonekana ndogo kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Mwenye kubana matumizi haachi kusafiri, ila hasafiri mikono mitupu.

Chukua mfano wa safari ya kupeleka viroba machimboni. Nauli ya kwenda na kurudi ni Sh. 30,000, chakula na malazi Sh. 20,000, jumla Sh. 50,000. Kama kila kiroba kinaacha faida ya Sh. 300, viroba 100 vinaleta Sh. 30,000 tu, na safari imekula Sh. 20,000 za mtaji. Viroba 200 vinaleta Sh. 60,000, na zinabaki Sh. 10,000. Akirudi na dagaa wa Ziwa Victoria wenye faida ya Sh. 25,000, safari imeacha Sh. 35,000. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kukata tiketi, na ushuru wa mzigo uingizwe humo.

Kutafuta lifti kwenye lori la mizigo huonekana ni akiba. Lakini abiria huyo hana tiketi, na ajali ikitokea hana ushahidi wa kudai fidia. Akiba inayoweza kumgharimu mtu mguu si akiba.

Kwa upande mwingine, ramani ya safari hizo inabadilika. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye kilomita 341, ulizinduliwa Juni 2021. Mradi kama huo huleta wapangaji na mabaki ya vifaa wakati wa ujenzi, lakini mafundi wake huondoka kazi ikiisha. Anayekopa ili ajenge vyumba kwa kuwategemea wao pekee anarudia hesabu ya waliotegemea mgodi mmoja.

Daftari, si ubahili

Wapo wanaouita mtindo huu ubahili. Bahili huwanyima watoto uji ili fedha ilale chini ya godoro. Mwenye kubana matumizi hulisha familia, husomesha, kisha hukataa kulipia kile anachoweza kukipata kwa kazi yake. Tofauti ya wawili hao inaonekana kwenye daftari.

Kurasa tatu zinatosha. Ya kwanza ni ya fedha ya mwenye nyumba, isiyoguswa. Ya pili ni ya mali kuukuu: kilinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani, kiliuzwa kwa ngapi. Ya tatu ni ya safari. Mwisho wa mwezi, kodi ambayo ingelipwa, katika mfano wetu Sh. 30,000, itolewe na kuwekwa akiba kama vile inalipwa kwa mwenye nyumba. Asiyefanya hivyo atakaa mwaka mzima bila kulipa kodi na bado asijue fedha ilikwenda wapi.

Baada ya mwaka mmoja akiba hiyo ni Sh. 360,000. Kwa mkulima ni pembejeo za msimu au mbuzi kadhaa. Kwa mchuuzi ni shehena ya viroba inayosubiri mavuno. Malori yakisimama tena Rusumo, au maji yakivunja tena reli, jirani yake atakuwa akitafuta mkopo wa kulipia chumba. Yeye atakuwa na mahali pa kulala, bidhaa isiyooza na daftari linaloonyesha alipofikia. Mali bila daftari hupotea bila habari.