Maslaha: Damu ya Mmoja, Deni la Ukoo

Mtu akiuawa katika ugomvi wa koo huko Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wazee na mashehe huanza safari mara moja. Aghalabu wanaotangulia kufika msibani ni watu wa ukoo usiohusika na ugomvi huo. Hawaendi kuuliza nani alianza. Wanaenda kuomba subira, ili maiti izikwe na vijana wasikimbilie bunduki. Baadaye ndipo huitishwa kikao cha suluhu, ambacho wakazi wa huko hukiita maslaha.

Kikao hufunguliwa kwa kisomo cha Qur'ani na kufungwa kwa dua, hivyo ahadi inayotolewa hapo inatolewa mbele ya Mwenyezi Mungu, na kuivunja ni aibu na ni dhambi pia. Ndani yake mila za Kisomali zimeoana na sheria ya Kiislamu. Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa inaagiza ndugu za aliyeuawa kwa bahati mbaya walipwe diya, yaani fidia ya damu, na kiwango kinachojulikana cha diya ya mwanamume ni ngamia 100. Mzigo huo haumwangukii muuaji peke yake. Hugawanywa kwa jamaa zake: mwenye ngamia atoe ngamia, mwenye mbuzi atoe mbuzi, na mwenye duka mjini atoe fedha.

Nguvu ya maslaha iko hapo. Amani huhubiriwa kila Ijumaa, na bado watu huuana. Lakini mzee anayejua kwamba risasi ya kijana wa ukoo wake itampunguzia mifugo zizini, humkanya kijana huyo mapema. Dini imelipatia deni hilo uzito ambao wazee peke yao wasingeweza kulipatia.

Hata hivyo, utaratibu huu uliwahi kuvunjika. Mwaka 1992 na 1993, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia na silaha kuzagaa mpakani, huku ukame ukiwa umeangamiza mifugo, koo za Wadegodia, Waajuran na Waogaden ziliingia vitani. Hata sokoni Wajir mjini, wanawake wa ukoo mmoja hawakutaka kuuziana na wa ukoo mwingine. Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyekuja kupata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, alisimulia jinsi alivyojificha chini ya kitanda na mwanawe usiku wa risasi, na jinsi mama yake alivyomkumbusha kwamba yeye naye alifichwa vivyo hivyo utotoni, wakati wa vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya.

Dekha na wenzake walianzia sokoni, wakakubaliana kila mama auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Kisha wakawaendea wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na deni la damu katika vita hivyo, wawaite wakubwa kikaoni. Septemba 1993 likatiwa saini Azimio la Al-Fatah, na wazee, vijana, wafanyabiashara na mashehe wakagawana kazi ya kulilinda. Kamati ya amani iliyozaliwa hapo ikawa mfano ulioigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Wanawake waliowaita wazee kikaoni ndio hao hao ambao, kwa desturi, hawana kiti humo. Hasara yake huonekana msichana anapobakwa. Wazee wa pande mbili hukaa, mifugo hukabidhiwa wanaume wa familia, kesi ya polisi ikafa, na msichana hakuulizwa neno. Koo zimepatana, lakini aliyedhulumiwa hajapata haki. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 159, inaitambua njia ya jadi ya kusuluhisha migogoro, ila inakataza itumike kinyume cha haki za binadamu au kwa namna inayoleta dhuluma.

Mashehe wana uwezo wa kuuweka mpaka huo, kwa sababu wao ndio wanaofungua kikao na wao ndio wanaokifunga. Diya ni ya kuzuia kisasi kati ya koo. Mbakaji hana kisasi cha kuepushwa nacho, ana kosa la kujibu mahakamani, na shehe anayekataa kuisomea dua suluhu ya namna hiyo atakuwa ameitetea amani kuliko anayeikubali.