Jiko la Kihoteli Nyumbani: Kweli au Si Kweli?

Simama dakika mbili tu mbele ya jiko pana la sentimita 90 katika duka lolote la Kariakoo. Pleti tano, vyuma vizito vya kubebea sufuria, oveni inayomeza mapaja mawili ya mbuzi kwa mara moja. Muuzaji hachelewi. Atalipigapiga ubavuni kama anayeuza ng'ombe mnadani: "Hili la kihoteli, mama. Ukinunua hili umemaliza."

Bei yake nayo ni ya kihoteli. Basi kabla hujafungua pochi, tuyachuje maneno yanayozunguka majiko haya, moja baada ya jingine.

1. "Jiko halisi la hotelini ndilo imara, kwa hiyo ndilo la kuweka nyumbani."

SI KWELI. Jiko la hotelini limeundwa kwa ajili ya chumba cha kupikia cha hotelini: sakafu ya zege, kuta zisizoshika moto, kofia kubwa ya kufyonza moshi juu yake na wapishi waliozoea kutoligusa. Mara nyingi ubavu wake hauna tabaka la kuzuia joto, na mlango wa oveni unaweza kumbabua mtoto anayepita. Ukilibana kati ya makabati ya mbao, umeweka kaa la moto kabatini.

Ndiyo maana pakazuka aina ya tatu: jiko lenye sura na nguvu ya kihoteli lakini lililotengenezwa kwa nyumba. Mmoja wa walioiletea umaarufu ni Fred Carl Jr., mjenzi wa nyumba wa Greenwood, Mississippi, nchini Marekani. Alianzisha kampuni ya Viking, na majiko yake ya kwanza yakaingia sokoni mwaka 1987. Tofauti kubwa haikuwa mng'aro. Ubavu ulifunikwa vizuri ili jiko liweze kukaa karibu na kabati. Hilo ndilo la kuuliza dukani: hili limetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, na kijitabu chake kinataka liachiwe nafasi kiasi gani pembeni na nyuma?

2. "BTU nyingi, mapishi matamu."

SI KWELI. BTU ni kipimo cha joto. Ukiona pleti imeandikwa BTU 18,000 kwa saa, gawanya kwa 3,400 upate kilowati: hapo ni kama 5.3. Pleti ya kawaida ya nyumbani ina BTU 9,000 hivi. Nguvu hiyo ya ziada ina kazi yake: kuchemsha sufuria kubwa ya maji ya ugali wa watu ishirini, au kulipasha karai haraka. Ila ukiweka sufuria ndogo juu ya moto mpana, ndimi za moto hupanda ubavuni na joto linakwenda kupasha dari.

Mtihani wa jiko uko upande wa pili. Wali wa nazi, pilau iliyokwisha kukauka maji, maziwa, mchuzi mzito wa nazi: vyote hivi havitaki moto mkali, vinataka moto mdogo usiozimika. Muuzaji atakutajia pleti kubwa kuliko zote. Wewe muulize moto mdogo kuliko wote ni upi.

3. "Mtungi wa kilo 6 unaendesha jiko lolote."

NUSU KWELI. Utawasha, lakini hutaridhika. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban kilowati-saa 13. Pleti ya kilowati 5 ikiwa wazi kabisa hula karibu gramu 400 kwa saa, maana yake mtungi mdogo umekwisha kwa saa kumi na tano hivi. Pleti zote tano zikifunguliwa pamoja, unakaribia kilo nzima kwa saa.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke huvuta joto kupitia ukuta wa mtungi. Mtungi mdogo una ukuta mdogo. Siku ya biriani, pleti zote zikiwaka, utauona unatoka jasho na kuwa baridi, moto unafifia, na fundi analaumiwa bure. Wapo wanaoumwagia maji ya moto au kuulaza: usifanye hivyo. Jiko la aina hii linataka mtungi wa kilo 15 au zaidi, ukiwa wima mahali penye hewa. Soma pia regyuleta, kile kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi: huandikwa hupitisha kilo ngapi kwa saa. Ikiwa inapitisha kidogo kuliko jiko linavyokula, umenunua lori ukalitia injini ya pikipiki.

Na usiazime regyuleta ya jiko la mama lishe, lile la chuma linalonguruma. Hilo hutumia msukumo mkubwa. Majiko ya nyumbani ya gesi ya mtungi mengi huundwa kwa milibari 28 hadi 30 tu.

4. "Gesi ni gesi."

SI KWELI, na hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Gesi asilia, kama inayotoka Songosongo na kufika Dar es Salaam tangu 2004, sehemu yake kubwa ni methani. Kwa ujazo ule ule, gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia, kwa hiyo nozeli zake zina tundu dogo zaidi. Jiko la gesi asilia likifungwa kwenye mtungi, moto hurukaruka, huwa wa njano na kutia masizi. Ukifanya kinyume chake, moto unakuwa kama wa mshumaa.

Ndugu aliye Marekani akikutumia jiko kwenye kontena, usifurahie tu stika. Huenda limefungwa nozeli za gesi asilia, na viwashio vyake vinataka umeme wa volti 120 wakati ukutani kwako kuna 230. Fundi anayejua kazi yake atabadili nozeli zote, pamoja na za oveni, kisha arekebishe moto mdogo.

5. "Swichi inayotaka kushikiliwa ni mbovu."

SI KWELI. Tazama kando ya pleti utaona visindano viwili. Kimoja hutoa cheche. Kingine kikipata joto huzalisha umeme kidogo unaoshikilia njia ya gesi iwe wazi, ndiyo maana unashikilia swichi sekunde chache hadi kipate moto. Maziwa yakifurika na kuzima moto, kisindano hupoa na gesi hujifunga yenyewe. Jiko lisilo nacho ndilo la kuacha dukani, hata likiwa na mng'aro wa dhahabu.

6. "Sumaku ikinasa, si chuma cha pua."

SI KWELI. Chuma cha pua kina aina nyingi. Ile inayoitwa 304 kwa kawaida hainaswi na sumaku, ilhali 430 hunaswa, na zote ni chuma cha pua. Kwa anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja, 304 huivumilia zaidi hewa ya chumvi. Basi sumaku inakueleza ni aina gani, haikwambii umetapeliwa.

7. "Umeme ukikatika, la gesi halijali."

INATEGEMEA. Pleti za juu kwa kawaida utaziwasha kwa kiberiti. Oveni ina mambo yake. Majiko mengi ya sentimita 90 yana pleti za gesi na oveni ya umeme: oveni ya kilowati 3 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti 3 za LUKU, na inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye swichi kuu. Zipo pia oveni za gesi ambazo bila umeme haziruhusu gesi kupita, na kiberiti hakizisaidii.

8. "Gesi ikivuja, dirisha litaitoa."

SI KWELI. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Huzama, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati. Dirisha la juu pekee halitoshi, inatakiwa na njia ya hewa chini. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya umeme. Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya povu la sabuni, kamwe si ya njiti ya kiberiti. Na mpira wa gesi usipite nyuma ya oveni yenye joto. Una tarehe yake, isome.

9. "Moto mzuri ni wa buluu."

KWELI. Njano inayoendelea na masizi kwenye matako ya sufuria ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa, na hapo hutoka kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Sasa rudi dukani, na safari hii nenda na sufuria yako ya wali. Mwombe muuzaji aunganishe mtungi. Iweke juu ya pleti, uone kama inakaa bila kuyumba. Washa, shusha moto hadi mwisho wake, kisha ufungue na kuufunga mlango wa oveni mara mbili tatu. Moto ukibaki, mdogo, wa buluu, umetulia, hapo ndipo bei izungumzwe. Ukizimika, mwachie jiko lake la kihoteli.