Daftari Ndani ya Simu: Je, ni Hitaji au Anasa?

Katika vikao vya kamati za parokia hapa Bariadi tumeulizwa swali moja mara nyingi. Mzazi ameuza pamba, kijana wake amepata nafasi chuoni, naye anaomba simu janja "ya kuandikia noti". Je, tumsaidie?

Kwanza, jambo hili linawahusu zaidi wanafunzi wa vyuo. Shule za sekondari kwa kawaida haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, hivyo huko daftari la karatasi linabaki kuwa chombo kikuu.

Programu za kuandikia noti, kama Google Keep na Microsoft OneNote, zinaweza kutumika bila malipo. Mwanafunzi huandika, hupiga picha ya ubao, au hurekodi sauti. Simu huyatunza hayo hata pasipo intaneti, na ikipata mtandao hutuma nakala kwenye akaunti yake. Hapo ndipo ilipo faida kubwa. Kijana aliye likizo kijijini Meatu au Itilima anaweza kujisomea bila bando. Simu ikiibwa, anafungua akaunti ile ile kwenye simu nyingine na kukuta noti zake.

Hata hivyo, tunaona hatari tatu:

1. Akaunti isiyo yake. Tunamfahamu mwanafunzi aliyepoteza noti za muhula mzima simu ilipoharibika. Akaunti ilifunguliwa na muuza simu, na yeye hakuijua nywila.

2. Masharti kubadilika. Desemba 2023 programu ya Evernote iliwawekea watumiaji wasiolipa kikomo cha noti 50. Waliokuwa wamezidi hawakunyang'anywa noti zao, lakini hawakuweza kuongeza mpya bila kulipa.

3. Kunakili bila kuelewa. Mwaka 2014 watafiti Mueller na Oppenheimer wa Marekani walieleza kwamba wanafunzi walioandika kwa kompyuta walinakili neno kwa neno, na walijibu vibaya zaidi maswali ya kuelewa kuliko walioandika kwa mkono. Tafiti za kurudia hazikuthibitisha tofauti hiyo waziwazi, lakini mwalimu yeyote anajua kwamba kunakili siyo kujifunza.

Kwa hiyo tunashauri kamati zisikatae wala zisikubali haraka. Mwombaji aulizwe: akaunti ni ya nani, na nywila ameiandika wapi? Bando na kuchaji vitalipwa na nani? Je, kila mwisho wa mwezi atahamishia noti zake kwenye faili la PDF na kulihifadhi mahali pengine?

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mkumbuke kwamba gharama haiishii kwenye simu. Siku moja ya mafunzo wakati wa likizo, kabla vijana hawajarudi vyuoni, inaweza kuokoa kazi ya mwaka mzima. Na daftari la karatasi, tafadhali, lisiachwe nyumbani.