Majengo Tunayosomea Yametoka Wapi? Kutoka Chimwaga Hadi Mtumba

Mwaka wa kwanza akitua UDOM, waliomtangulia humwonyesha vitu vya lazima: venyu za lekcha, kafeteria yenye msosi wa bei nafuu, vimbweta vya kujisomea, na pa kuchota maji siku bomba likigoma. Ni mapokezi mazuri, ila yana pengo. Hakuna anayemwambia majengo haya yamefikaje hapa, nani alilipa, na nani wengine wameshakaa ndani yake. Makala hii inajaribu kuziba pengo hilo, jengo kwa jengo.

Chimwaga: ukumbi uliotangulia chuo

Tuanze Chimwaga, kwa sababu ukumbi huu ulikuwepo kabla ya chuo. Ulikuwa ukumbi wa mikutano mikuu ya CCM. Mwaka 1995 wajumbe walikutana humo kumchagua mgombea urais, na majina matatu yakafika mwisho: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza, ya pili Mkapa akashinda. Miaka kumi baadaye, 2005, Kikwete alirudi ukumbini humohumo na safari hii akapita, mbele ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya.

Sasa angalia mambo yalivyozunguka. Aliyeshindwa 1995 ndiye aliyekuwa Rais chuo kilipoanzishwa hapa 2007. Aliyemshinda, Mkapa, akawa mkuu wa chuo wa kwanza. Hata hospitali iliyo ndani ya eneo la chuo ina jina lake. Kwa hiyo ukivaa joho lako siku ya mahafali Chimwaga, kumbuka umekaa palipokalia watu waliokuwa wakisubiri kura zihesabiwe.

Jijini petu si Chimwaga peke yake iliyobadilishiwa kazi. Mwaka huohuo wa 2007, jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana walianza kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo kabla ya hapo iliitwa Alliance, shule ya wamisionari. Dodoma haina desturi ya kubomoa kirahisi. Jengo linapewa kazi nyingine, maisha yanaendelea.

Ndaki: akiba za wafanyakazi

Ukitoka Chimwaga utaona kwa nini bodaboda hawalali njaa hapa. Chuo kina eneo la hekta zipatazo 6,000, na kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000. Badala ya kurundika kila kitu sehemu moja, kila ndaki ilipewa kijiji chake: madarasa, hosteli na kafeteria pamoja. Ndiyo maana mtu wa Insia anaweza kumaliza miaka mitatu bila kukanyaga kwa wenzake wa Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu, CIVE. Mpango huu una raha yake, maana unaamka dakika kumi kabla ya kipindi na bado unawahi. Una gharama yake pia: ukiwa na kipindi ndaki nyingine mchana wa Oktoba, jua la Dodoma halina huruma, na bumu nalo halikuhesabu nauli hiyo.

Lakini hela ya kujenga vijiji hivi ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye mifuko ya hifadhi: NSSF, PPF, PSPF, LAPF, na pia NHIF ya bima ya afya. Mifuko ilijenga, serikali ikaahidi kulipa polepole. Malipo yakachelewa, na ripoti za CAG zikalitaja deni hilo mara kwa mara. Kwa lugha ya kawaida, hosteli unayolala ilijengwa kwa makato ya mwalimu wa Kondoa, nesi wa Manyoni na mlinzi wa kiwanda Dar es Salaam. Pengine mmoja wao ni mzazi wako. Ukimwona mtu anang'oa kitasa au kuchora ukuta, ujue anaharibu pensheni ya mtu.

Wizara zilipokuwa wapangaji wetu

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu tangu 1973, lakini serikali ilibaki Dar es Salaam kwa miongo minne na ushee. Julai 2016 Rais Magufuli alitamka kwamba sasa inahama kweli. Wizara zikaja, ofisi hazipo. Wapi palikuwa na majengo makubwa yaliyo tayari? Kwetu. Anwani ya Wizara ya Afya ikasomeka Chuo Kikuu cha Dodoma, Jengo Namba 11. Wizara ya Elimu nayo ikawa Jengo Namba 10. Mkoba wa mwanafunzi na jalada la katibu mkuu vikapita korido moja.

Mtumba: walikohamia

Ziara inaishia nje ya chuo, upande wa mashariki wa jiji, kando ya barabara ya Morogoro. Hapo ndipo ulipo Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Kila wizara ilipewa shilingi bilioni moja kuanzia, nyumba zikapanda kwa miezi michache, na Aprili 2019 mji ukazinduliwa. Maghorofa yalifuata baadaye. Wengi wetu tutapafahamu tukipeleka barua ya kuomba fildi.

Ukifika mapokezi pale, usijikunyate. Taasisi uliyoiendea huenda iliwahi kujihifadhi chuoni kwako ilipokuwa haina pa kukaa. Hilo halikupi haki ya kuruka foleni, lakini linatupa hoja sisi kama wanafunzi. Chuo kiliisitiri serikali kwa majengo yaliyojengwa kwa akiba za wafanyakazi. Basi tunapodai maji ya uhakika hosteli, venyu zisizobanana na usafiri kati ya ndaki, hatuombi fadhila. Tunakumbushia kwamba majengo haya yalijengwa ili watu wasome. Na sisi tunaoyatumia leo tuna zamu ya kuyatunza, maana watakaokuja wamo njiani.