Udongo, Maikrowevu na Maji Yenye Floraidi

Sisi tunaoishi Bonde la Ufa tumezoea kuona watoto wenye meno ya kahawia. Wengine husema ni ya ukoo, wengine ati ni kutopiga mswaki. Kumbe ni floraidi iliyo ndani ya maji, hasa ya visima virefu. Haina rangi wala harufu. Ikizidi kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na mgongo kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, floraidi hukolea zaidi.

Udongo unaingiaje hapa?

Udongo wa mfinyanzi, hasa aina iitwayo bentonaiti, umejengwa kama kurasa za kitabu, bapa nyembamba sana zilizolaliana. Kurasa hizo zina chaji hasi ya umeme. Floraidi nayo ni hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Ndiyo maana udongo mtupu hukamata floraidi kidogo tu.

Basi wataalamu huubadilisha. Huuloweka katika maji yenye chumvi ya alumini, ambayo chaji yake ni chanya. Alumini hupenya katikati ya kurasa, kisha udongo huoshwa, hukaushwa na kuchomwa. Alumini hubaki humo kama nguzo zinazoinua paa. Nafasi hupatikana, na floraidi hunaswa.

Na maikrowevu je?

Kwa njia ya kawaida kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku nzima, kwa kuwa joto huanzia nje likaingia ndani polepole. Mawimbi ya maikrowevu hupenya na kutikisa maji yaliyo ndani ya udongo wenyewe, hivyo joto huzuka humo humo. Kuloweka kwa saa nyingi kunaweza kuwa kwa dakika chache. Muda ukipungua, moto nao hupungua, na gharama pia.

Lakini tusikimbilie. Kazi hii bado ni ya maabara zaidi kuliko ya kijijini. Usijaribu nyumbani: alumini isiyooshwa vizuri inaweza kubaki katika maji ya kunywa, na jiko lililotiwa kemikali halifai tena kupikia chakula. Tena udongo ukishajaa floraidi haufanyi kazi, lazima ubadilishwe.

Tufanye nini leo?

Kwanza, maji ya kisima chenu yapimwe. Pili, mkiweza kuvuna maji safi ya mvua, wapeni kwanza watoto walio chini ya miaka 8, maana ndio wanaounda meno ya kudumu. Tatu, yako machujio ya makaa ya mifupa, ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuyashughulikia miaka ya 1990.

Meno yakishaharibika hayarudi. Tuwakinge wadogo mapema.