Je, Wajua? Sindano za Aleji kwa Watoto

Mtoto anayepiga chafya kila alfajiri, au anayevimba mwili mzima kwa kuumwa na nyuki mmoja, asiachwe kwa maneno ya "akikua yataisha". Wazazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, haya yanatuhusu.

Je, wajua tiba ya sindano za aleji ina zaidi ya miaka 100? Mwaka 1911, Dkt. Leonard Noon wa Hospitali ya St Mary's, London, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwachoma wagonjwa chavua ya nyasi, ileile iliyokuwa ikiwatoa machozi na makamasi. Mwenzake, John Freeman, aliiendeleza kazi hiyo.

Je, wajua sindano hii inafanyaje kazi? Aleji huja pale kinga ya mwili inapokiona kitu kisicho na madhara kuwa ni adui. Mtoto huchomwa kiasi kidogo mno cha kitu hichohicho, kisha dozi hupandishwa polepole hadi mwili ukizoee.

Je, wajua sindano ya haidrokotisoni na vidonge vya piritoni si tiba hii? Hizo hutuliza dalili kwa muda. Sindano za aleji hulenga chanzo, na nafuu yake huweza kubaki kwa miaka baada ya dozi ya mwisho.

Je, wajua zinahitaji subira? Kwa kawaida huanza kila wiki kwa miezi 3 hadi 6, kisha mara moja kwa mwezi kwa miaka 3 hadi 5. Vituo vingi huanza na watoto wa miaka 5 na kuendelea, kwa kuwa mtoto mdogo zaidi hawezi kueleza vizuri kwamba koo linabana.

Je, wajua kinga kubwa zaidi ya sindano hizi ni dhidi ya sumu ya nyuki na nyigu? Hilo lina uzito mkoani kwetu, ambako Kibondo, Kakonko na Kasulu wanarina asali. Zamani madaktari walitumia mdudu mzima aliyesagwa. Mwaka 1978, watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walithibitisha kwamba dawa hiyo haikuishinda hata dawa bandia. Iliyokinga ni sumu yenyewe.

Je, wajua kinga hiyo hudumu? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia watoto kwa miaka mingi. Kati ya walioumwa tena, waliopata madhara ya mwili mzima walikuwa asilimia 3 kwa waliotibiwa, na asilimia 17 kwa wasiotibiwa.

Je, wajua chavua ya mchikichi nayo huleta aleji? Watafiti wa India na Singapore wameithibitisha. Sisi tunaoishi kati ya michikichi tusiisahau tunapotafuta chanzo cha mafua yasiyokwisha.

Je, wajua utitiri wa vumbi hupenda magodoro na hewa yenye unyevunyevu? Haufiki hata nusu milimita, lakini ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu ya watoto. Sindano zake zipo. Fua mashuka kwa maji ya moto na anika godoro juani.

Je, wajua sindano hizi hazitumiki kwa aleji ya dagaa na migebuka? Protini inayosumbua haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mtoto mwenye aleji ya samaki hukingwa kwa kutomlisha.

Je, wajua wala hazitibu upele wa utomvu wa embe? Ujiji ni mji wa miembe; mtoto anayetoka vipele mdomoni aoshewe na kumenyewa embe lake.

Je, wajua minyoo na aleji vina uhusiano? Utafiti wa Entebbe, Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba watoto ambao mama zao walipewa albendazole wakiwa wajawazito walipata zaidi ukurutu wa utotoni. Hiyo si sababu ya kuacha dawa za minyoo. Minyoo inadhoofisha watoto.

Je, wajua baada ya kila sindano mtoto husubiri kituoni dakika 30? Mzio mkali huweza kuanza ghafla: vipele, kuhema kwa shida, kuzirai. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Na mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa hachomwi sindano za aleji.

Mzazi, tiba hii haipatikani katika kila hospitali. Anza na daktari wa watoto, omba kipimo cha kujua chanzo, naye atakuelekeza kwa bingwa. Usikubali mwanao achomwe mahali pasipo na adrenalini. Na mtoto akivimba uso au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, usingoje hata dakika moja: mkimbize hospitali.