Je, Wajua? Gari Huvuka Likiwa Ndani ya Treni

Kati ya Katavi na Kongo lipo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470. Halina daraja wala handaki. Gari linalotoka Kakese, mkoani Katavi, kwenda Kalemie, Kongo, hupakiwa melini, ama huzunguka kupitia Burundi au Zambia. Bandari ya upande wa Katavi ni Karema.

Lakini baina ya Uingereza na Ufaransa kina cha bahari hakifiki mita 70, ndiyo maana handaki la kilomita 50 lilichimbika. Lilifunguliwa mwaka 1994. La kustaajabisha, humo hakuna anayeendesha gari lake! Gari, hata lile lenye vitanda na jiko, huingizwa ndani ya behewa la treni. Abiria hubaki garini dakika 35. Gari linalotumia gesi badala ya petroli halipokelewi kabisa. Hilo hutegemea feri.